Ami asema ni amana, kaka ataka 1JZ: tuifanyeje Datsun 240Z ya marehemu baba?

Swali

Mzee Fundi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mombasa. Marehemu baba ametuachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Aliinunua mkononi mwa mtu alipokuwa kijana akifanya kazi Nairobi, akaiendesha huko miaka yote, na alipostaafu akaifunika turubai ikabaki gerejini. Baada ya msiba tuliiteremsha Mombasa kwa lori. Tukatia betri mpya, oili na petroli mpya, tukabadilisha mipira ya breki, na ikawaka siku hiyo hiyo. Mama alilia aliposikia.

Furaha haikudumu. Asubuhi ikiwashwa hutoa moshi wa bluu, halafu moshi unapungua. Ukikanyaga mafuta ghafla inasita, inapiga mlio nyuma kwenye kabureta, ndipo inachukua. Mlima wa Nyali tu inauona mrefu. Joto linapanda. Juzi tulikuwa kwenye foleni ya feri pale Likoni ikazima, na ikakataa kuwaka karibu nusu saa. Vijana wakatusukuma pembeni, na baadaye ikawaka yenyewe utadhani hakuna lililotokea.

Fundi wetu, ambaye ametutengenezea magari miaka mingi na hajawahi kutudhulumu, aliisikiliza akasema injini imekwisha na spea zake hazipo tena. Ushauri wake ni kuitoa L24, injini yake ya asili, na kufunga 1JZ-GTE, ile ya turbo iliyokuwa kwenye Toyota Chaser na Mark II, pamoja na giaboksi yake. Anasema itabidi akate kidogo mbele na kuchomelea mauntingi mpya. Kaka yangu mkubwa yuko Dubai, ameshaona nusu gari, yaani gari lililokatwa na kuuzwa kwa spea, yenye injini hiyo, na yuko tayari kulipa wiki hii. Mimi mwenyewe sikufichi, natamani iende.

Ami hataki hata kusikia. Yeye na baba walikuwa wakisimama barabarani kuangalia Safari Rally enzi za Datsun, na anasema gari hilo ni amana, atakayeligusa kwa grainda asimwite ami tena. Mama anasema tufanye tutakavyo, bali angependa kusikia sauti ile ile. Dada zetu wawili hawajasema lolote. Logbook bado ina jina la baba, na sakafu upande wa abiria ina kutu ambayo fundi anasema ni ya kawaida.

Je, injini imekufa kweli? Ikibidi tubadilishe, tufunge ipi? Na nimwambie nini kaka?

Mrithi wa Z, Mombasa

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba, Mungu amrehemu mzee wenu.

Mpigie kaka leo, umwombe asilipe. Injini ya Dubai itakuwepo mwezi ujao, na ikiuzwa itapatikana nyingine, maana Toyota ilitengeneza 1JZ nyingi. Ila chuma cha mbele ya 240Z kikishakatwa hakirudi kilivyokuwa. Nimeisoma barua yako kwa makini. Una dalili tano mkononi, na hakuna hata moja inayotosha kusema kwamba injini imekufa. Tatu kati yake, kwa maoni yangu, ni gari la Nairobi kuletwa pwani bila kurekebishwa.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na fundi mzuri hupunguza mafuta kwenye kabureta ili yaendane nayo. Baba yako aliishi huko miaka mingi, kwa hiyo sina shaka kabureta zake mbili zilifungwa kwa hewa ya huko. Sasa mmeiteremsha baharini, hewa ni nzito, na mafuta ni yale yale kidogo. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Injini ya hivyo husita ukiikanyaga, hupiga mlio nyuma kwenye kabureta, hukosa nguvu mlimani na hupanda joto. Ndiyo maneno yako mwenyewe, moja baada ya jingine.

Fundi aliyezoea injini za kompyuta anaweza kuwa hodari sana na jambo hili likampita, kwa sababu magari anayoyashika kila siku hujirekebisha yenyewe. Usimlaumu. Mwombe afungue plagi zote sita mkiwa mmetoka barabarani. Zikiwa nyeupe, mafuta ni machache. Zikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea kidogo, niko mbali na ukweli na tutatafuta kwingine. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kurekebishia. Ikizungushwa kushuka, mafuta yanaongezeka. Zote mbili zizungushwe sawasawa, kidogo kidogo, na kabla ya hapo ahakikishe kabureta zote mbili zinavuta hewa kwa kiasi kimoja, la sivyo atakuwa anatafuta kwa kupapasa.

Halafu afungue vifuniko vidogo vya juu ya kabureta. Ndani mwake mnatakiwa kuwa na oili nyepesi inayozuia pistoni ya kabureta isiruke ghafla unapokanyaga mafuta. Gari lililokaa miaka chini ya turubai mara nyingi huwa kavu pale. Oili ikikosekana, kule kusita hakuponi hata ukirekebisha nati mpaka usiku. Na kabla ya yote hayo aangalie tangi. Tangi la chuma lililokaa na petroli nusu hufanya kutu kwa ndani, kutu hiyo inaziba filta, na filta iliyoziba inapunguza mafuta yale yale ambayo tayari hayatoshi.

Likoni ni habari nyingine. Kwenye injini za L za Nissan, ndio waliotengeneza Datsun, manifoldi ya kuingiza mchanganyiko na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja, na kabureta zimekaa juu kabisa ya ekzosi. Gari likienda, upepo unapoza. Likisimama kwenye foleni, jua la Mombasa juu na ekzosi chini, petroli inachemka ndani ya mabomba na bakuli la kabureta, inakuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ukisubiri ikapoa, inawaka. Wenye 240Z duniani kote wanaujua ugonjwa huu, Arizona na Australia wanaulalamikia kama wewe. Angalieni kama bati la kukinga joto kati ya kabureta na ekzosi lipo, maana mafundi wengi hulitupa wakiona linawasumbua. Bomba la petroli linalopita karibu na silinda hedi livikwe kinga ya joto. Bomba la kurudisha petroli kwenye tangi lisiwe limezibwa. Rejeta ioshwe ndani, thamostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji ya moto.

Umebaki moshi wa bluu. Moshi unaotoka gari likiwashwa asubuhi kisha ukapungua, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka: oili inachuruzika usiku kupitia shina la valvu na kuungua unapowasha. Ringi zilizokwisha hutoa moshi muda wote, hasa ukiwa na mzigo. Lakini hapa sitaki kukisia na wala fundi wako asikisie. Pimeni kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, koili ichomolewe, mafuta yakanyagwe mpaka chini, betri iwe imejaa. L24 nzima hutoa presha ya karibu psi 170 au zaidi kwa kila silinda mkiwa usawa wa bahari. Kinachonihusu zaidi ni tofauti: silinda ya chini kabisa isishuke chini ya asilimia 80 ya ile ya juu. Ikiwepo iliyoshuka, tieni kijiko cha oili kwenye tundu la plagi mpime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Namba hizo sita ndizo zitakazosema kama injini imekufa. Sikio la fundi, hata liwe zuri namna gani, halitoshi kuhukumu injini ya baba yako.

Ikionekana ni sili tu, kazi hiyo inafanyika bila kuondoa hedi: silinda inajazwa upepo kupitia tundu la plagi ili valvu isidondoke, springi inafunguliwa, sili inabadilishwa. Ila kama kwa sababu yoyote ataamua kuondoa gia ya kemshafti, mwambie kwanza apige kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni ya taimingi, ikae imebana. Bila kabari hiyo, tenshena inayokaza cheni inaruka kutoka mahali pake, na itabidi afungue kifuniko chote cha mbele cha injini kuirudisha. Nimeona kazi ya asubuhi moja ikigeuka ya wiki kwa kukosa kipande cha mbao. Akimaliza apange valvu injini ikiwa na moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za ekzosi.

Kuhusu spea kutokuwepo, sikubaliani. Huenda hazipo kwenye duka analonunua yeye, hilo naliamini. Lakini Datsun Z iliuzwa kwa wingi sana Marekani, na kwa kuwa wenye magari hayo bado wanayapenda, gasketi, pistoni, ringi, beringi, cheni na vifaa vya kabureta vinatengenezwa mpaka leo. Kaka yako aliye Dubai ana faida kubwa hapo. Badala ya kutuma injini nzima, anaweza kuagiza boksi dogo la vitu hivyo na kulituma na msafiri.

Sasa tuseme namba zimetoka mbaya. Bloku imechakaa, au mmeifungua mkakuta ufa. Hapo ndipo mazungumzo ya kubadilisha injini yanapoanza kwa haki, na mimi si mtu wa kuyakataa. Gari hili tangu lizaliwe limebeba injini zaidi ya moja. Japani liliuzwa na L20 ya lita 2 kwa sababu ya kodi zao, sisi na Wamarekani tukapewa L24 ya cc 2,393. Mwaka 1974 ikaja 260Z yenye L26, na 1975 280Z yenye L28 ya cc 2,753. Nissan wenyewe walichukua injini ya S20 ya Skyline GT-R, gari lao jingine, yenye kemshafti mbili, wakaipachika humo wakaiita Z432: valvu nne kila silinda, kabureta tatu, kemshafti mbili. Kwa hiyo ami akikwambia kubadilisha injini ni kuvunja heshima ya gari, mjibu kwa adabu kwamba waliolitengeneza walifanya hivyo kwanza.

Ushauri wangu ukifika huko ni L28. Ni ndugu wa damu wa L24. Inakaa kwenye mauntingi zile zile, inashika giaboksi ile ile, inapokea kabureta zile zile, na sauti yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ile ambayo mama yako anaijua. Hakuna chuma kitakachokatwa. Mkitaka siku moja kurudisha L24, ni kazi ya kufungua nati. Na mnapata karibu cc 360 zaidi, ambazo utazisikia chini kabisa ya mizunguko, pale ambapo barabara zetu zinazihitaji.

Tena huko kwa kaka ndiko pa kuitafuta. Nissan Patrol za miaka ya 1980, zile za umbo la pembe pembe, nyingi zilikuja na L28 ya petroli, na nchi za Ghuba zilizipenda mno. Injini ya Patrol haifai kufungwa kama ilivyo. Sampo, yaani bakuli la oili la chini ya injini, na bomba la kufyonzea oili vitatoka kwenye L24 yenu viende huko, kwa sababu 240Z ina krosimemba, chuma kinachokatiza chini ya injini, mbele na sampo lazima lishuke nyuma yake. Kabureta zitahitaji sindano zinazopitisha mafuta zaidi, maana zile za sasa zilipimwa kwa injini ndogo. Mkitaka kutumia hedi ya L24 juu ya bloku ya L28, angalieni kwanza juu ya pistoni: zikiwa bapa kabisa, kompresheni itapanda sana na injini itagonga kwa petroli ya kawaida.

Na klachi. Hapa wengi wanaumia, kwa hiyo nisikilize vizuri. Injini hizi zilitoka na klachi za saizi tofauti, na kila presha pleti, sahani inayobana klachi, ina urefu wake. Kile kikombe kinachoshika beringi ya klachi kimetengenezwa kwa urefu wa presha pleti yake. Ukichanganya kikombe cha moja na presha pleti ya nyingine, klachi ama haitaachia ama itateleza, na hutajua sababu mpaka ushushe giaboksi tena. Mkibadilisha presha pleti, badilisheni na kikombe chake, vitoke pamoja.

1JZ-GTE sijaisahau. Ni injini nzuri mno, lita 2.5, iliyoandikwa nguvu farasi 280 kule Japani, na kaka yako hana jicho baya. Tatizo ni kwamba anayesema "nitakata kidogo" anazungumzia sehemu ndogo ya kazi. L24 ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 151 kwa kipimo cha zamani ambacho kilikuwa cha ukarimu. Gari lina uzito wa tani moja na kidogo. Diski mbele, dramu nyuma. Difu yake ni ndogo, shafti za nyuma ni za nguvu ile ile ya zamani. Ukizidisha nguvu kiasi hicho, difu inafuata, shafti zinafuata, breki zinafuata, na propela inachongwa upya kwa sababu giaboksi ya Toyota si ya urefu ule. Handaki la giaboksi huenda likaguswa. Rejeta inasogezwa, halafu turbo inataka na kipozeo chake.

Petroli ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kabureta zako zinahitaji presha ya psi 3 au 4. Injini ya sindano za umeme inataka karibu 40. Mabomba na mipira ya mwaka 1972 haikutengenezwa kwa hiyo, na tangi halikupangwa ndani kwa ajili hiyo: kwenye kona petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na injini yenye turbo ikikosa petroli kwa sekunde chache chini ya mzigo inaweza kuyeyusha pistoni. Mpira ukipasuka kwa presha hiyo juu ya ekzosi, ni moto. Kisha uje kwenye waya: kompyuta, vipimo vyake, na mita ya mizunguko ya zamani ambayo husoma umeme wa koili moja na haitaielewa injini yenye mfumo mwingine wa cheche. Nimeyaona magari ya namna hii yamekaa gereji hadi matairi yakapasuka, kwa sababu pesa ilitengwa ya kununua injini, na injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hiyo.

Wapo waliofanikiwa kubadilisha injini kwenye magari ya spoti ya zamani, na kuna la kujifunza kwao. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Costello alikuwa akitia V8 ya Rover kwenye MGB, akaifanya vizuri kiasi kwamba kiwanda chenyewe kikatoa MGB GT V8 kuanzia 1973. Siri yake kubwa ilikuwa uzito. V8 ile ilikuwa ya aluminiamu, haikuwa nzito kuliko injini ya chuma ya silinda nne iliyotoka. Gari likabaki na mizani yake, usukani haukuharibika. Yeyote anayetaka kufunga injini ngeni aanze na mizani kabla ya nguvu farasi.

Nije kwenye sakafu. Fundi wako anasema kutu ni ya kawaida. Kwa 240Z ni ya kawaida kweli, na ndiyo iliyoua nyingi zaidi kuliko injini. Gari hili halina chesi ya kujitegemea kama ya lori. Bodi ndiyo chesi. Chini ya sakafu na mbele kwenye chumba cha injini kuna reli za mabati yaliyokunjwa kama boksi, nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba injini na magurudumu ya mbele. Chukua bisibisi, choma chini ya trei ya betri, ambapo asidi ilidondoka miaka hiyo yote, kisha fuata reli mpaka chini ya viti. Ikizama popote, acheni habari ya injini kabisa. Halafu inua gari kwa jeki upande mmoja, funga na ufungue mlango. Mlango ukigoma au nafasi yake ikibadilika, bodi imelegea, na kuitia nguvu farasi 280 ni kuikunja.

Mombasa chumvi haina huruma. Kama kuna pesa ya kaka inayotaka kazi wiki hii, iende kwa mchomeleaji mzuri wa mabati. Asipige kiraka juu ya kutu. Akate mpaka kwenye chuma kizima.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na linatangulia yote. Logbook ina jina la marehemu, na una dada wawili ambao hawajasema lolote. Mirathi imegawanywa? Kama bado, gari si lako, wala la kaka, wala la ami. Ni la warithi wote, mama na dada zako wakiwemo, na kimya chao si ruhusa. Nendeni kwa Kadhi, au mahakama inayowahusu, mali igawanywe kwa haki, mmoja alichukue kwenye fungu lake au mkubaliane kwa maandishi kulimiliki pamoja. Ndipo umiliki uhamishwe NTSA, mamlaka ya usafiri. Namba ya injini imeandikwa kwenye logbook, na injini ikibadilishwa lazima mabadiliko yaombwe na gari likaguliwe. Hamwezi kuomba mabadiliko kwenye gari la mtu aliyefariki. Na injini yoyote itakayotoka nje ije na karatasi zake za forodha. Bima nayo iambiwe, kwa sababu kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba injini si ile iliyoandikwa, ina sababu ya kutolipa.

Ami yako ninamwelewa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, na Shekhar Mehta, kijana wa Afrika Mashariki aliyezaliwa Uganda, akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakaichukua wenyewe, tena 240Z, mwaka ule ule Safari ilipoingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Kwa waliosimama kando ya barabara na vumbi likiwafunika, lile halikuwa gari la Wajapani tu. Na injini iliyofanya kazi ile kwenye tope na mawe ya kwetu ndiyo hiyo L24 mnayotaka kuiuza kama chuma chakavu. Sikusimulii haya ili ami ashinde. Nasema hata mkifunga L28, L24 isiuzwe. Itiwe oili ndani ya silinda, izibwe matundu yote, ifungwe nailoni na kuwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Namba yake inalingana na logbook, na anayenunua gari kama hili hulipa zaidi kwa hilo. Januari 2020, kwenye mnada Marekani, 240Z ya 1971 iliyobaki katika hali yake ya asili iliuzwa dola 310,000. Yenu haitafika huko ikiwa na kutu ya sakafuni, lakini kaka akitaka hesabu za biashara, mpe hiyo.

Kaka mwambie hivi: hujakataa nguvu, umekataa haraka. Mweleze kwamba pesa ile ile inaweza kufanya mabati, kabureta, breki, tangi na boksi la spea, na ikabaki. Mwombe akutafutie mtu anayejua kupanga kabureta pacha, na kama namba zitatoka mbaya, L28 ya Patrol. Ukimpa kazi yenye maana hatajiona amenyimwa sauti kwa kuwa yuko mbali. Na kama moyo wake uko kwenye 1JZ kweli, anunue Mark II iliyozaliwa nayo. Zipo, na hakuna atakayemkasirikia.

Nawe uliyesema unatamani iende: ngoja uiendeshe ikiwa na kabureta zilizopangwa kwa hewa ya Mombasa ndipo uniambie kama bado unaiona nzito. Siamini kama umewahi kuiendesha ikiwa nzima.

Nitumie namba sita za kompresheni, kavu na zenye oili, picha ya plagi zikiwa zimepangwa kwa mstari kuanzia silinda ya mbele, na unieleze bisibisi ilizama wapi.